Jina na Namba: Kumtafuta Mpagazi Aliyefia Vitani, 1914–1918

Katika barabara ya Kenyatta jijini Nairobi pana sanamu za watu wa shaba ambazo zimesimama juu ya jiwe lao tangu mwaka 1928. Miongoni mwao yumo mmoja asiyeshika bunduki. Huyo ni mpagazi. Chini yao pameandikwa maneno kwa Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza, na aliyeyatunga ni mwandishi Mwingereza Rudyard Kipling. Maneno hayo yasema kwamba wapagazi walikuwa miguu na mikono ya jeshi, kisha yatoa ahadi: mtu akiipigania nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake. Mombasa na Dar es Salaam nako zilisimamishwa sanamu za kumbukumbu hiyo hiyo mwaka 1927. Hata hivyo, msomaji akilizunguka jiwe la Nairobi pande zote, hatakuta jina la mpagazi hata mmoja.

Hapa ndipo penye tatizo. Ahadi ilitolewa kwamba jina litakumbukwa, na kazi ya kulikumbuka wakaachiwa watoto wa marehemu. Ilhali yule aliyeitoa ahadi hakuliandika jina lenyewe mahali ambapo watoto wangeliona. Madhumuni ya makala haya ni kuchunguza jinsi ukoo wa leo unavyoweza kumtafuta mhenga wake aliyefia katika vita hivyo. Hoja yake kuu ni kwamba serikali na ukoo vilihifadhi vitu viwili tofauti. Serikali ilihifadhi namba, na ukoo ukahifadhi jina. Anayetafuta hana budi kuvikutanisha vitu hivyo viwili, na kazi ya kuvikutanisha ni kazi ya lugha kabla ya kuwa kazi ya historia.

Asili ya Kariakoo

Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka mwezi wa Agosti 1914, Waingereza waliokuwa wakiitawala Himaya ya Afrika Mashariki, ambayo mwaka 1920 iligeuzwa koloni la Kenya, waliunda kikosi cha wachukuzi wa mizigo. Kwa Kiingereza kikosi hicho kiliitwa Carrier Corps, na msimamizi wake mkuu alikuwa Oscar Watkins. Jina hilo lilipoingia katika vinywa vya watu halikukaa kama lilivyokuwa. Kiswahili hakipendi silabi ifungwe kwa konsonanti, basi neno likalainishwa likawa Kariakoo. Ndilo jina la mtaa na soko la Dar es Salaam, mahali palipokuwa na kambi ya wapagazi baada ya Waingereza kuutwaa mji huo mwezi wa Septemba 1916. Nairobi nako kuna Kariokor. Kadhalika herufi tatu za jina la kikosi cha askari Waafrika, K.A.R., ziligeuka zikawa Keya. Kwa namna hiyo lugha ililihifadhi jina la kikosi, lakini si majina ya watu waliokuwa ndani yake.

Sababu ya kuwahitaji watu wengi kiasi hicho yafaa ielezwe, maana bila ya kuielewa mtafiti hawezi kuelewa kwa nini mhenga wake alitoweka. Reli zilikuwa chache na barabara za magari zilikuwa haba. Ng'ombe, farasi na nyumbu waliopelekwa katika nyika zenye mbung'o walikufa kwa makumi ya maelfu. Kilichobaki ni kichwa cha binadamu. Mzigo wa kawaida ulikuwa ratili 50 hadi 60. Sasa na ipigwe hesabu: ikiwa mpagazi anakula ratili mbili za unga kwa siku, basi mzigo wa unga wa ratili 50 humtosha yeye mwenyewe siku 25 tu, kwenda na kurudi, hata kabla ya askari kuonja chochote. Jeshi liliposonga kusini, kila siku ya mwendo iliongeza idadi ya watu waliohitajika ili kuwalisha wale waliotangulia.

Mwanzoni walikuwamo waliojiandikisha kwa hiari. Mwaka 1915 ilitungwa sheria ya kuwatwaa watu kwa lazima. Malipo nayo yalipunguzwa yakawa rupia tano kwa mwezi, zikipanda kuwa sita baada ya miezi mitatu. Mwezi wa Machi 1917 John Ainsworth, aliyekuwa mtawala wa jimbo la Nyanza, alipewa madaraka ya kukusanya watu katika himaya nzima, na katika muda wa miezi michache watu zaidi ya 100,000 walikusanywa. Machifu walipewa idadi, na kila chifu akawageukia watu wa kwake. Mara nyingi aliyechukuliwa ni yule asiyekuwa na mtu wa kumtetea. Jambo hili halina budi kukumbukwa na kila anayeuliza kwa nini ni huyu aliyekwenda na si ndugu yake; yawezekana jibu limo katika ugomvi wa kijiji na si katika ushujaa.

Waliokufa kwa risasi walikuwa wachache kuliko waliokufa kwa maradhi. Kuhara damu, malaria na homa ya mapafu ndivyo vilivyowaua. Watu wa nyanda za juu, waliozoea viazi, ndizi, maharagwe na mtama, walipewa unga wa mahindi uliosagwa vibaya, na aghalabu hapakuwa na muda wala kuni za kuupika ukaiva. Mwaka 1917 vita vilipohamia bonde la Rufiji lililofurika, kisha Kilwa na Lindi, na mwisho wake Msumbiji, hali ilizidi kuwa mbaya. Majeshi ya Wajerumani yaliweka silaha chini tarehe 25 Novemba 1918 katika mji wa Abercorn, ambao leo ni Mbala nchini Zambia. Watu waliochukua mizigo ya Waingereza katika Afrika Mashariki wanakadiriwa kupita milioni moja, na waliokufa wanakadiriwa kufika 100,000 au zaidi. Upande wa Wajerumani nao ulikuwa na wapagazi wake, ambao aghalabu hawakuandikwa popote.

Mtu Kugeuzwa Namba

Waswahili husema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Wapagazi hawakupotea kwa kukosa daftari. Kila aliyeandikishwa alipewa namba, na namba hiyo ikaingizwa katika vitabu vya mishahara. Lakini madaftari hayo yalikuwa ya fedha na chakula. Yalimhesabu mtu kwa kadiri alivyogharimu. Alipokufa, swali lililoulizwa ofisini ni kiasi gani cha mshahara kilichobaki na nani wa kulipwa.

Swali hilo la pili ndilo lililofichua kasoro ya mpango mzima. Ili mjane au baba alipwe, ilibidi namba irudishwe kuwa jina, jina lirudishwe kuwa mtu, na mtu arudishwe katika kijiji chake. Katika maelfu ya mambo ya namna hiyo kazi ilishindikana, na fedha zilizobaki hazikuwafikia jamaa za wafu. Watkins alitaka zilipwe. Mjadala ulichukua miaka mingi baina ya Nairobi na London, na fedha hizo zikabaki serikalini.

Yapo mambo matatu yaliyolipoteza jina katika daftari. Kwanza ni masikio ya karani. Kigikuyu kina vokali saba, na Kiswahili kina tano. Karani aliyezoea tahajia ya Kiswahili akimsikia mtu aitwaye Mũgo, angeweza kuandika Mugo au Mogo. Kĩmani angekuwa Kimani au Kemani. Herufi b ya Kigikuyu hutamkwa kwa midomo isiyofungwa, na kwa hiyo Kabirũ angeweza kuwa Kaviro katika daftari moja na Kawiru katika la pili. Odhiambo wa Kijaluo angeweza kuandikwa Oziambo au Othiambo. Pili ni muundo wa jina. Mkalenjini hutumia neno arap kumwunganisha mwana na baba. Mgikuyu husema wa. Mjaluo huliweka jina la baba baada ya lake bila kiungo. Mtu wa pwani husema bin. Karani aliyewatia wote katika kalibu moja aliliharibu jina hata alipolisikia sawasawa. Tatu ni mwenye jina mwenyewe. Aliyechukuliwa kwa nguvu hakuwa na sababu ya kumwambia karani ukweli. Wengine walitaja jina la utani au jina la rika, wakalificha jina halisi, kwa kuwa watu wengi waliamini kwamba jina la mtu halitolewi ovyo kwa mgeni.

Jiwe Lisilo Jina

Tume ya Kifalme ya Makaburi ya Vita iliundwa kwa hati ya mfalme mwezi wa Mei 1917. Kanuni yake ilikuwa njema: kila aliyekufa katika utumishi wa vita akumbukwe kwa jina, juu ya kaburi lake au juu ya ukuta wa kumbukumbu, bila ubaguzi wa cheo, rangi wala dini. Katika Ulaya kanuni hiyo ilifuatwa. Katika Afrika Mashariki haikufuatwa. Maofisa wa tume na watawala wa kikoloni walikubaliana kwamba Mwafrika wa kawaida asingeuelewa wala kuuthamini ukumbusho wa jiwe, na kwamba kuyajengea makaburi ya wapagazi ni kutupa fedha. Makaburi mengi yaliachwa yakarudi kuwa msitu. Zikasimamishwa sanamu.

Udhuru uliotolewa kwamba majina hayakujulikana hauna nguvu ukilinganishwa na jambo lililofuata mara baada ya vita. Tangu 1920 kila mwanamume Mwafrika aliyefikia umri wa kazi alilazimishwa kuvaa kipande ndani ya kibweta cha bati shingoni. Ndani yake mlikuwa na jina lake, alama ya kidole chake na habari za waajiri wake. Serikali ile ile iliyoshindwa kumtambua mpagazi aliyekufa iliweza kumtambua kibarua aliye hai hata akitoroka shambani. Ni dhahiri, basi, kwamba kilichokosekana hakikuwa uwezo wa kuandika jina. Jina la maiti halikuwa na faida kwa mwandishi.

Haki ilichelewa kwa zaidi ya miaka mia moja. Mwezi wa Aprili 2021 tume hiyo, ambayo siku hizi ni Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, ilitoa ripoti iliyokiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine wanaofika 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Serikali ya Uingereza iliomba radhi bungeni. Tangu hapo juhudi za kuyatafuta majina zimeanza upya, na miongoni mwa kumbukumbu za jeshi zilizobaki Kenya yamepatikana majina ya maelfu ya askari wa Keya. Mwezi wa Januari 2025 ulizinduliwa mjini Cape Town ukumbusho wa vibarua wa jeshi wa Afrika Kusini waliofia Afrika katika vita hivyo, wenye majina zaidi ya 1,700, jina la kila mmoja likiwa juu ya nguzo yake. Mfano huo watosha kuonyesha kwamba jina lililoandikwa mara moja mahali fulani laweza kurudi.

Kumbukumbu ya Ukoo

Ukoo nao ulikuwa na njia zake za kuandika bila wino. Ya kwanza ni kurithishana majina. Kwa Wagikuyu mwana wa kwanza hupewa jina la baba wa baba yake, wa pili hupewa jina la baba wa mama yake, na wanaofuata hupewa majina ya ndugu za baba na ndugu za mama. Na ichukuliwe kwa mfano nyumba moja ya Murang'a. Kijana alikwenda Kariakoo kabla ya kuoa, akafia huko. Hakuacha mtoto. Lakini kaka yake alipompata mwana wa tatu alimwita kwa jina la ndugu aliyepotea, na jina hilo likashuka hadi kwa mtu anayeishi leo. Mtu huyo ni ukumbusho wenye uhai. Akiulizwa, "Uliitwa kwa jina la nani?", jibu lake huenda likawa ndiyo kumbukumbu pekee iliyobaki duniani ya mpagazi yule. Kwa Wajaluo mtoto aweza kupewa jina la marehemu aliyemtokea mzazi wake ndotoni; tena wapo waliopewa jina la Olweny kwa kuwa walizaliwa wakati wa vita, na jina hilo humsaidia mtafiti kukisia mwaka.

Njia ya pili ni kaburi lisilo na maiti. Wajaluo, na baadhi ya Waluhya, mtu wao alipofia mbali na mwili wake usipatikane, walilichukua tunda refu la mti wa mwegea, ambalo kwa Kijaluo huitwa yago, wakalizika mahali pa mwili kwa taratibu zote za mazishi. Bila ya hivyo waliamini kwamba marehemu hangetulia, na walio hai nao wasingetulia. Katika boma ambamo wazee huonyesha kaburi na kusema kwamba hamna mtu ndani yake, mtafiti aulize mara moja ni vita gani. Watu waliodhaniwa hawawezi kuuthamini ukumbusho wa marehemu walikuwa, wakati huo huo, wakiwachimbia makaburi wafu wasiowaona.

Njia ya tatu ni masimulizi, nayo yataka uangalifu mwingi zaidi. Ukoo hupenda kumpandisha cheo mhenga wake. Mpagazi huweza kugeuzwa askari wa Keya, kwa sababu bunduki ina heshima kuliko mzigo. Tena vita viwili huchanganywa vikawa kimoja. Hapa majina ya mahali na ya maadui ndiyo mizani. Msimulizi akitaja Talyani au Burma, basi huyo alikuwa katika vita vya 1939 hadi 1945. Akitaja Kilwa, Lindi, Rufiji au nchi ya Mreno, huyo ni wa vita vya kwanza. Mjerumani hasaidii kutofautisha, maana alipiganwa naye mara mbili. Umri nao waweza kupimwa kwa rika, kwa kuwa marika mengi ya Wagikuyu yalipewa majina kwa matukio ya mwaka wa tohara.

Kukutanisha Jina na Namba

Kutokana na hayo, utafiti uanze nyumbani wala usianze ofisini. Kwanza paandikwe jina la marehemu kwa tahajia ya lugha yake, pamoja na jina la baba, ukoo, rika, chifu wa wakati huo na kijiji. Kisha ziandikwe sura zote ambazo karani wa Kiswahili au wa Kiingereza angeweza kulipa jina hilo. Mtafiti anayekwenda na sura moja tu ya jina hurudi mikono mitupu, kumbe mtu wake yumo katika ukurasa uliofuata akiwa na vokali nyingine.

Hatua ya pili ni Nyaraka za Taifa mjini Nairobi, ambako zimehifadhiwa ripoti za wilaya za miaka hiyo. Ripoti hizo aghalabu hazitaji watu. Hutaja idadi iliyotakiwa kwa kila wilaya na mwezi iliyotakiwa. Lakini mwezi huo ukilingana na masimulizi ya ukoo, tayari pamepatikana nguzo moja. Barua baina ya Nairobi na London zimo katika nyaraka za Uingereza huko Kew. Madaftari ya misheni yasisahauliwe. Mwaka 1917 Dakta John Arthur wa misheni ya Kiskoti huko Kikuyu aliongoza kikosi cha wapagazi wa misheni, na Askofu Frank Weston wa Zanzibar aliongoza kikosi cha wapagazi wa kisiwa hicho mwaka 1916. Mtu aliyebatizwa alikuwa na jina katika kitabu kingine nje ya kitabu cha mshahara, na mara nyingi huyo ndiye apatikanaye kwa urahisi. Kwa jumla ya habari za wapagazi, kitabu cha Geoffrey Hodges kilichotoka mwaka 1986 kina thamani ya pekee, kwa kuwa mwandishi wake aliwahi kuwahoji wazee waliokuwamo katika kazi hiyo.

Hatua ya tatu ni kukubali kikomo. Ukoo mwingi hautapata kaburi. Utapata pengine wilaya, mwaka, njia aliyoipita na maradhi yaliyowaua wenzake. Hayo si machache. Mjane wa 1918 hakuambiwa hata hayo. Alingoja mume ambaye hakujua kama ni hai au ni maiti, na wazee wakakaa hawajui kama waugawe urithi au waungoje mguu wake mlangoni. Kumwambia mjukuu wake leo kwamba babu alikuwa miongoni mwa waliochukuliwa mwaka 1917 wakapelekwa Lindi ni kulijibu swali ambalo nyumba ile imekaa nalo vizazi vinne.

Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba kupotea kwa wapagazi katika kumbukumbu hakukutokana na ujinga wa jamaa zao wala na upungufu wa karatasi. Karatasi zilikuwako, lakini zilimhesabu mtu kama mzigo. Jamaa nao waliliweka jina katika watoto, katika tunda la mwegea lililozikwa, na katika maneno ya wazee. Ahadi iliyochongwa chini ya sanamu imetimizwa, nao walioitimiza ni wana wenyewe.

Hata hivyo jina lililo kinywani lina umri wa kinywa hicho. Wapagazi wote wamekwisha kufa, na watoto wao waliobaki ni wachache mno. Waliosikia habari kutoka kwa mpagazi mwenyewe au mjane wake wamekuwa wazee. Kazi hii ingefaa ifanywe na wanafunzi wa lugha za Kiafrika katika likizo zao, kila mmoja katika lugha ya kwao, kwa daftari na kalamu, kabla ya kwenda kuuliza Nairobi au London. Tume inayoyatafuta majina leo itayahitaji, nayo haiwezi kuyapata katika madaftari peke yake. Mwanafunzi aanze kwa kumwuliza bibi yake ni nani katika nyumba yao aliyeitwa kwa jina la mtu ambaye hakurudi.